Kifurushi cha Macho

Maisha yake yote Delmar Hladky alikuwa amenunua pikapu za ngazi ya chini kabisa, na alijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia viti vya ngozi. Ngazi hiyo kampuni imeipa jina la Kazi. Sakafu yake ni ya raba, ukitoka zizini unaiosha kwa mpira wa maji. Viti ni vya kitambaa kigumu, bampa ni nyeusi, na redio ni redio tu. Juu yake kuna Njia, halafu Nyika, halafu Ranchi, na juu ya zote kuna Kilele, yenye paa la kioo, viti vinavyokanda mgongo na mbao za kweli kwenye dashibodi. Delmar alizoea kusema kwamba Kilele ni gari la daktari wa meno anayetaka watu wadhani amewahi kumshika ng'ombe. Alilisema hilo mnadani, akalisema kanisani, na siku moja akalisema akiwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno mwenyewe, mdomo wazi.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, walipoingia kwenye yadi ya magari ya Tollard na Delmar akamwambia muuzaji kwamba anataka kuiona Kilele, mkewe Lavonne aligeuka kumtazama usoni. Alitafuta utani, hakuuona.

Muuzaji, Kent Ostrander, alikuwa tayari ameshika ufunguo wa Kazi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo la kutosha, na mkanda wenye kifungo kikubwa cha fedha alichoshinda ujanani kwenye mashindano ya kupanda mafahali. Yeye ndiye aliyewauzia pikapu yao ya mwisho na ile ya kabla yake.

"Bwana Delmar," alisema, "una homa?"

"Nina miaka sabini na miwili na sijawahi kukalia ngozi isipokuwa tandiko la farasi. Unauza au huuzi?"

"Nauza, nauza. Nilitaka tu kujua kama nimwite daktari kwanza."

Lavonne hakucheka. Kent hakujua, wala mtu mwingine yeyote katika kaunti ile hakujua, kwamba tangu majira ya kuchipua macho ya Delmar yalikuwa yanafifia katikati. Pembeni aliona vizuri. Kuku akipita ubavuni mwa uwanja angekuambia ni jogoo au ni tetea. Lakini kile alichokikazia macho ndicho kilichopotea. Daktari wa macho kule mjini Kearney alimwambia waziwazi, tena mbele ya mkewe, kwamba aache kuendesha gari. Delmar alisema, "Sawa, daktari," akamshukuru kwa kumpa mkono, akatoka hadi maegeshoni, akaingia upande wa usukani, akaendesha hadi nyumbani. Lavonne alikaa kando yake ameng'ang'ania mpini wa mlango njia nzima. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena.

Kulizungumza kulikuwa na uzito wake. Kwenye vilima vile vya mchanga vya Nebraska, mwanamume anayeendeshwa na mkewe mchana kweupe ama amelewa ama ametoka kupasuliwa hospitalini, na majirani husimamisha magari yao kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Delmar hakuwa amewahi kuendeshwa. Lavonne naye hakuwa amewahi kumwambia mumewe afanye nini, angalau si kwa maneno; alikuwa na njia zake nyingine, na kwa ndoa ndefu kama yao zilikuwa zimetosha.

Kisha mwezi wa Agosti pikapu ya zamani ikaingia mtaroni na kupinda chesisi. Delmar alitoka na mchubuko kwenye paji la uso, akasema ni kulungu aliyekatiza. Lavonne alikwenda pale mtaroni kutafuta nyayo za kulungu, hakuziona, akarudi nyumbani kukoroga mchuzi. Ukweli ni kwamba alifarijika. Kwa wiki kadhaa walitumia gari lake dogo, na yeye ndiye aliyeendesha, kwa kisingizio kwamba miguu mirefu ya Delmar haiingii chini ya usukani. Lakini majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, ndama wanangoja kupelekwa mnadani, na trela haivutwi na gari dogo. Pikapu ilikuwa lazima. Lavonne alijipa matumaini kwamba watanunua Kazi kama kawaida, na kwamba siku ya kuinunua Delmar atajisemea mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba sasa dereva ni mke wangu. Hilo ndilo alilokuja kulitafuta yadini. Alitaka neno hilo litoke kabla Delmar hajaua mtu, kwani barabara yao hupitiwa na basi la shule asubuhi na alasiri.

Kent aliwakalisha mezani, akawapa kahawa kwenye vikombe vya karatasi, akaigeuza skrini yake iwatazame. Humo ngazi zote tano zilikuwa zimepangwa pamoja na vifurushi vyake, na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu huanza kuchanganyikiwa. Kampuni hizi haziuzi kitu kimoja kimoja. Kila unachokitaka kimefungwa pamoja na vitu vitatu usivyovitaka, na ili ukifungue lazima kwanza ununue kifurushi kingine ambacho ndani yake kuna kile ulichokuwa unakikimbia.

"Kamera za pande zote," Delmar alisema. "Zinaanzia ngazi gani?"

"Nyika. Ziko kwenye Kifurushi cha Uangalizi. Lakini kwenye Nyika hawakupi Uangalizi bila Kifurushi cha Baridi."

"Cha Baridi kina nini?"

"Viti vya moto. Na usukani wa moto."

"Kamera zina undugu gani na makalio yangu?"

"Hazina, Bwana Delmar. Ndivyo walivyoamua tu huko makao makuu. Pengine wanakaa kwenye baridi."

Delmar alicheka kidogo. Alikuwa ameketi wima, kofia yake magotini, na uso wake hakuuelekeza kwenye skrini bali pembeni kidogo, kwenye ua la plastiki lililowekwa dirishani. Kent alidhani ni ujanja wa kuvuta bei chini. Wafugaji wengi hujifanya hawavutiwi. Alijikaza kuongeza maelezo. Delmar akamwuliza kuhusu ile kengele inayolia kitu kikikaribia ubavuni, na kama inahesabu urefu wa trela au inaishia kwenye pikapu. Akauliza kuhusu breki inayokaba yenyewe. Akauliza ni ngazi gani usukani unajirudisha wenyewe gari likianza kutoka kwenye mstari, na ni ipi inayolia tu bila kusaidia. Alijua tofauti zote. Alijua mpaka kwamba kwenye Nyika gari hukuonya, ila kuanzia Ranchi hukushika mkono.

Lavonne alianza kushangaa amejifunzia wapi, maana maandishi madogo yalikuwa yamemshinda tangu Mei. Ndipo akakumbuka jioni alizokuwa akimkuta ghalani amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu sikioni. Siku zote hizo alidhani anasikiliza bei za ng'ombe.

Mwanzoni alichukulia ni upuuzi wa uzeeni. Wanaume wengine wakifika umri ule huoa, wengine hununua boti. Lakini Delmar aliporudia kuuliza habari ya kengele ya ubavuni, Lavonne alikumbuka sanduku la barua la akina Pokorny lililokutwa limelala chini mwezi Juni, na jinsi Delmar alivyosema ni vijana wa mjini hao. Akakumbuka kuwa wiki ile ile kioo cha pembeni cha pikapu kilikuwa na ufa. Akamkumbuka ndama aliyegongwa karibu na birika la maji, akaanza kuiangalia ile breki inayokaba yenyewe kwa jicho jingine. Na usukani unaojirudisha haukuhitaji hata kufikiriwa, kwa sababu mtaro bado ulikuwa na alama za matairi. Mzee alikuwa amekaa ghalani akihesabu kila alichokipoteza na kukitafutia dawa yake kiwandani. Hakuja kununua gari, alikuja kununua macho.

Lavonne alimkasirikia, na papo hapo akamhurumia, na hivyo viwili vikagombana ndani yake. Wasichana wa kwao hufundishwa kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi mbele ya muuzaji. Basi akafanya kama wanavyofanya wake za wafugaji wote wakiwa na ugomvi hadharani, akamtumia mtu wa tatu.

"Kent," alisema, "mwambie Delmar Kilele inabeba kiasi gani mgongoni."

"Yuko hapa, Bi Lavonne. Anakusikia."

"Wewe mwambie tu."

Kent alikohoa. Aliuza magari kwa kamisheni na hakupenda swali lile, lakini hakuwa mwongo. Alieleza kwamba Kilele, pamoja na paa lake la kioo, mota zote zile za viti na vidato vinavyoshuka vyenyewe, ni nzito, na uzito ambao gari limeubeba lenyewe haliwezi tena kukubebea wewe. Inabeba pungufu kuliko Kazi kwa kama magunia sita ya chumvi ya ng'ombe. Na trela lao, alikiri, lilikuwa lile la shingo ndefu ambalo shingo yake hukaa katikati ya mgongo wa pikapu na kuulemea.

"Umesikia," Lavonne alisema, akiitazama kahawa yake. "Hao ndama watakaa wapi? Kwenye kiti kinachokanda?"

"Kent, mwambie mke wangu kwamba kwenye Ranchi unaweza kulikataa paa la kioo."

"Ni kweli, unaweza."

"Na Uangalizi wote unaingia."

"Unaingia wote. Halafu ukiongeza Kifurushi cha Kuvuta unapata difu nzito, springi nzito, na kile kitufe cha kurudisha trela kinyumenyume. Unakizungusha tu, gari linapinda lenyewe."

"Mwambie hivyo."

"Bwana Delmar, yuko sentimita chache kutoka kwako."

"Mwambie Kazi imetutosha miaka yote," Lavonne alisema.

"Mwambie miaka imebadilika."

Kent aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akajikuna shingo. "Nimeuza magari tangu nikiwa na nywele," alisema. "Nimeona mume anaomba raba na mke anaomba ngozi, kila wiki naona. Leo ndiyo mara ya kwanza naona kinyume chake. Bi Lavonne, kwa nini usimwachie mzee anasa yake? Hii itakuwa ya mwisho kununua."

"Najua itakuwa ya mwisho," Lavonne alisema. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, na Kent akahisi ni busara kugeuza maneno yawe utani.

"Ila akipanda gari la kitajiri ndiyo hatatusalimia kabisa. Tayari watu wanalalamika."

Delmar aligeuka. "Wanalalamika nini?"

"Kidole, Bwana Delmar. Nilikupita mwezi wa saba pale kwenye maghala ya nafaka, nikainua kidole changu kwa heshima zote, ukanipita kama nguzo ya simu. Wes Pokorny anasema hivyo hivyo. Mchungaji anasema hivyo hivyo. Wanasema bei ya ndama imekupanda kichwani."

Barabara za kule zina magari machache, na mtu akikutana na mwenzake huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hakuna anayepunga mkono mzima, huo ni wa wageni na wanasiasa. Ni kidole kimoja tu, na kisipoinuliwa watu hukumbuka. Ndugu wamewahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya kidole.

"Nilikuwa nawaza," Delmar alisema. Masikio yake yalikuwa yameiva. Kuitwa kipofu asingejali sana kama alivyojali kuitwa mwenye kuringa. "Nitakuwa makini."

"Basi twende tukalijaribu," Kent alisema, akampa ufunguo.

Alimpa Delmar, kwa kuwa ndivyo ufunguo unavyopewa. Hakufikiria. Lavonne aliuona ukipita mbele ya pua yake kutoka mkono hadi mkono. Baadaye angejiuliza sana juu ya wakati ule, kwamba ilikuwaje mtu mzima akanyamaza kwa kuogopa aibu ya dakika moja. Alipanda kiti cha nyuma, Kent akakaa mbele kando ya dereva, na Kilele iliyokuwa imeoshwa kwa maonyesho ikatoka yadini polepole bila kelele.

Kwenye barabara kuu ya lami mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomtisha Lavonne zaidi. Mistari ilikuwa imepakwa rangi mpya. Kwenye dashibodi palikuwa na picha ndogo ya barabara yenye kingo za kijani, na kila gari lilipoelekea pembeni, usukani uliusukuma mkono wa Delmar kwa upole na kulirudisha. Delmar alihisi, akatabasamu. Lavonne hakuwa ameliona tabasamu lile tangu majira ya kuchipua.

"Unaona, Vonnie?" alisema, akisahau kwamba walikuwa wanazungumza kupitia Kent. "Linajua. Linajua kabisa."

"Naona," Lavonne alisema.

Lilikuja lori la mahindi, Delmar akainua kidole. Dereva wa lori akakiinua chake. Likaja lori jingine, akainua tena, likaja trekta lenye taa zinazowaka, akainua tena, na kila mmoja akamrudishia. Vitu vikubwa alivikamata kwa pembe ya jicho.

"Sasa umezidi," Kent alisema akicheka. "Utachaguliwa kuwa gavana."

Lavonne alijikuta anatamani iwe kweli. Labda inatosha, alijiambia. Labda watu waliokaa wakaitengeneza mashine ile waliwafikiria watu kama Delmar, na labda yeye ndiye aliyepitwa na wakati kwa kung'ang'ania sakafu ya raba. Kwa mwendo wa maili kadhaa aliziamini zile kingo za kijani kama mumewe alivyoziamini. Kisha akaiona njia ya kwao inakuja upande wa kulia, nyeupe kwa vumbi, na akajua anachopaswa kufanya.

"Del, pinda hapo. Twende njia ya kwetu."

"Kwa nini? Huku ni kuzuri."

"Nataka nione linavyokwenda kwenye changarawe. Ndiko litakakoishi."

Kent aliunga mkono, akasema ni wazo zuri, springi zake utazijulia huko. Delmar alipinda. Njia ile aliijua kwa mwili wake, aliipita akiwa mtoto juu ya gari la farasi, na hakuhitaji macho kujua mahali pa kupunguza mwendo kabla ya daraja la mbao. Lakini mara tu matairi yalipogusa changarawe, kingo za kijani kwenye dashibodi zilififia, zikawa kijivu.

"Imezima," Delmar alisema. Huo mwanga alikuwa anaufuata kwa pembeni.

"Haijazima, inapumzika," Kent alisema. "Mashine inasoma rangi ya barabara, ile mistari. Huku hakuna mistari, haina cha kusoma."

"Kwa hiyo haioni kitu."

"Kamera zinaona. Breki nazo zipo, ingawa vumbi likizidi mashine huwa inasema isafishwe. Ila barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi, hilo haijui. Huku ni kazi ya dereva."

"Hata kwenye Kilele?"

"Hata kwenye Kilele. Wale jamaa wanaishi kwenye lami, Bwana Delmar."

Delmar aliinama mbele kidogo, mikono yote miwili kwenye usukani, mwendo ukashuka. Kutoka pale hadi mlangoni kwao ilikuwa changarawe tupu, na upande ule wa vilima njia zote ni changarawe. Lavonne aliziona shingo za wanaume wawili mbele yake, moja imelegea na nyingine imekakamaa, na hakusikia furaha yoyote kwamba hesabu yake imetoka sawa.

Kwenye kona ya shamba la Wes Pokorny, karibu kabisa na njia, palikuwa na marobota ya nyasi yamepangwa mawili mawili, na turubai la buluu juu yake. Delmar aliona kitu kikubwa, cha buluu, kinakuja. Alijiweka sawa kitini. Kwa heshima, bila haraka, akainua kidole.

Kent naye, kwa mazoea, mkono wake ulikuwa umeanza kuinuka. Uliishia hewani, kisha ukarudi gotini. Aliyatazama marobota yakipita dirishani mwake, akageuza kichwa, akamtazama Lavonne. Lavonne aliona usoni mwake mambo yote yakijipanga moja baada ya jingine, maghala ya nafaka, skrini, ua la plastiki, na yale maswali yaliyomfurahisha sana mezani.

"Huyo alikuwa nani?" Delmar aliuliza. "Wes?"

Kent alifungua mdomo. Alikuwa mtu mwema na alikuwa muuzaji, na safari hii mambo hayo mawili yalimtaka atoe jibu lile lile, kwamba ni Wes. Lavonne akamtangulia.

"Marobota, Del."

"Nini?"

"Marobota ya nyasi ya Wes. Umeyasalimia."

Pikapu ilikwenda mbele kidogo, ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya njia. Vumbi lao wenyewe liliwafikia kwa nyuma, likawapita. Kent alinyoosha mkono kwenye redio kana kwamba anataka kueleza habari za spika, kisha akaona haya, akaurudisha.

"Yameitika?" Delmar aliuliza hatimaye.

"Hayakuitika," Lavonne alisema.

"Basi yanaringa."

Lavonne alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akajifuta kwa mkono wa koti. Ilimuuma kwamba amemwaibisha, na zaidi kwamba alilazimika. Delmar aliiondoa mikono yake kwenye usukani, mmoja halafu mwingine, akaiweka mapajani. Aliitazama njia, au pembeni mwa njia.

"Kent," alisema, "ni ngazi gani ina pedeli zinazosogea?"

"Zinasogea vipi?"

"Zinamfuata dereva. Niliwasikia wakieleza kwenye simu, sikutilia maanani."

"Ah, hizo. Zinaanzia Nyika, hata bila Uangalizi. Hii pia inazo. Lakini wewe una miguu ya korongo, Bwana Delmar, za nini kwako?"

"Si kwangu."

Alifungua mlango. Kidato kilishuka chenyewe, yeye akakipapasa kwa mguu kabla ya kukiamini. Alizunguka mbele ya boneti akiwa ameweka kiganja juu yake, akaupita mlango wa Kent, akafika mlango wa nyuma, akaufungua. Hakumtazama Lavonne usoni. Siku hizi, ili amwone, alilazimika kutazama bega lake. Akalitazama bega lake.

"Shuka, mke wangu," alisema. "Hayupo mtu wa kutuona huku, isipokuwa hayo marobota."

Akamshika mkono wakazunguka pamoja. Lavonne alipanda kwenye kiti cha dereva, ambacho kilikuwa bado na joto la mumewe, na viatu vyake vikaning'inia mbali na pedeli. Kent alikuwa ameamua kuangalia nje upande wa pili, ambako kulikuwa na nyasi na anga na hakuna kingine. Delmar alisimama kwenye mlango uliokuwa wazi, akaingiza mkono chini ya usukani, vidole vyake vikatafuta kitufe kimoja baada ya kingine mpaka vikakipata. Chini kule kitu kikaanza kuvuma polepole.

"Zimefika?" aliuliza.

"Bado."

Akabonyeza tena. Pedeli zilisogea kwa mvumo ule ule mdogo, zikaja karibu zaidi, mpaka breki ikagusa soli ya kiatu cha Lavonne.

"Sasa?"

Lavonne aliurudisha mguu nyuma, chini ya kiti, maana hakutaka kazi hiyo ya mumewe iishe upesi hivyo.

"Bado kidogo, Del," alisema.